Kumbukumbu ya mradi: kupunguza upofu wa ekskaveta ya tani 21, Uyole hadi Isyonje

Mashine ni ekskaveta ya cheni, tani 21, umeme wa volti 24, kebini upande wa kushoto. Haina kamera ya kiwandani, na saiti mira iliyobaki nzima ni ya kushoto peke yake. Kazi yake ni mitaro ya barabara. Ilianzia Uyole, jijini Mbeya, ambako bodaboda na wauza ndizi wanapita hatua chache kutoka kwenye cheni. Kisha ilipanda juu Isyonje, kwenye ukungu.

Lengo ni opereta amwone mtu aliyesimama popote kuanzia mita 1 kutoka mwilini mwa mashine. Kipimo hicho tumekiazima ISO 5006, kanuni ya kimataifa ya mwonekano wa mitambo ya udongo: inachora mstatili mita 1 kuzunguka mashine, halafu duara ambalo kutoka katikati hadi ukingoni ni mita 12.

Kupima kwanza

Wengi huanza kwa kununua kamera. Hapa tumeanza na chokaa, kamba ya mita 12 na balbu mbili, na hizo ndizo zilizoamua kamera ikae wapi.

Balbu ni za breki, volti 12 wati 21, kioo kisicho na rangi. Zimeunganishwa kwa mfululizo ili zigawane zile volti 24, zikafungwa kwenye kipande cha ubao, nyuzi zake za ndani zikiachana milimita 65 kama macho mawili ya mtu. Ubao unasimama juu ya kiti pale macho ya opereta yanapokaa. Mpime akiwa ameketi na kiti kimeshalemewa, kuanzia kwenye mto hadi jichoni. Kwetu ilikuwa sentimita 77. Ukipima kiti kitupu utajidanganya, maana kikikaliwa kinashuka.

Saa moja na nusu usiku, siku isiyo na mbalamwezi, washa. Penye giza totoro hakuna jicho linaloona; penye kivuli hafifu, jicho moja linaona. Mtu anazunguka na fimbo ya mita 1.5 iliyopakwa rangi nyeupe. Ncha ya fimbo ikishika mwanga, kichwa chake kingeonekana. Isiposhika, mwaga chokaa hapo. Rudia mara mbili, mkono wa mashine ukiwa umeshushwa kama inapotembea na ukiwa umeinuliwa, kwa sababu kivuli cha mkono huo kinahama sana upande wa kulia mbele.

Nyuma ndiko kulikotisha, na hesabu yake ni nyepesi. Jicho liko mita 2.6 kutoka ardhini. Ukingo wa nyuma wa boneti (kifuniko cha injini, ambayo kwa ekskaveta iko nyuma) uko mita 2.2, umbali wa mita 3.5 kutoka jichoni. Kwa hiyo kila mita 3.5 mstari wa jicho unashuka sentimita 40 tu. Ili ufike kwenye kimo cha mita 1.5 lazima ushuke mita 1.1, yaani uende mita 9.6, toa zile 3.5, unabaki na karibu mita 6 nyuma ya mashine ambazo mtu wa kimo hicho haonekani kabisa. Kwa aliyeinama kuokota vigingi vya vipimo, kimo cha mita 1, upofu unafika mita 10.5. Chokaa ilikubaliana na hesabu, tofauti ikiwa chini ya nusu mita.

Kulia, fimbo ilipotea hadi mita 2 kutoka ubavuni, ukiongeza ukanda mrefu unaofunikwa na mkono. Kushoto hakuna tatizo la kusumbua.

Vya bure na vya bei ndogo

Kebini ilisafishwa: koti, madumu, stika za kioo cha chini kulia na taulo lililokuwa limetundikwa kwenye nguzo. Ukiwasha zile balbu utashangaa taulo moja linavyotupa kivuli cha mita nzima nje.

Kioo cha chini mbele ni cha plastiki ngumu, siyo kioo halisi. Kilikuwa na ukungu wa mikwaruzo, ambayo huletwa na kufuta vumbi kavu kwa kitambaa. Maji yatangulie daima, kisha sabuni, kisha kitambaa laini. Petroli na tina ni marufuku, zinakipasua nyufa ndogondogo zisizorekebishika. Mikwaruzo mepesi ilitoka kwa msasa wa maji namba 1000, kisha 2000, kisha dawa ya kung'arishia taa za magari. Ile inayokwama ukucha haitoki, badilisha kioo.

Saiti mira mpya mbili, zenye uso wa mbinuko: moja kwenye reli ya kulia mbele, nyingine nyuma kulia juu ya boneti, opereta aione kupitia dirisha la nyuma. Zinaonyesha eneo pana ila zinamsogeza mtu mbali kuliko alipo, na hilo opereta aambiwe. Kiti kirekebishwe kwanza, saiti mira ndipo zifuate. Zamu ikibadilika, rudia. Vishikio ni flati ba ya milimita 5 iliyobanwa kwenye reli kwa bolti za U. Hakuna tundu lililotobolewa kwenye nguzo za kebini wala pa kuchomelea: fremu hiyo ndiyo inayomlinda opereta mashine ikipinduka.

Kamera

Kamera mbili na skrini ya inchi 7. Ya nyuma iko katikati juu ya uzito wa nyuma (chuma kizito kinachosawazisha mkono), imeinamishwa mpaka ukingo wa chuma uonekane chini kabisa ya picha, upana wa vidole viwili hivi. Bila ukingo huo opereta hana pa kulinganishia umbali. Ya kulia iko kwenye reli, inatazama chini ikifuata ubavu kuelekea nyuma.

Ekskaveta haina gia ya rivasi kama lori, na hatari yake kubwa ni kuzunguka, siyo kurudi nyuma. Kwa hiyo ule waya wa kuamsha picha kwa taa ya rivasi haufai. Skrini imepewa umeme wa swichi, ufunguo ukiwashwa picha zote mbili ziko hewani muda wote.

Umeme umechukuliwa kwenye boksi la fyuzi kupitia fyuzi ya ampea 5, waya wa milimita 1.5 za mraba. Altaneta ikichaji, mfumo wa volti 24 unapanda karibu 28, na kamera ya gari dogo iliyoandikwa 12 peke yake inaweza kuungua papo hapo. Nunua inayokubali hadi 32, au ipe umeme kutoka kwenye skrini yenyewe. Mafundi wengine huchomoa volti 12 kwenye betri moja kati ya mbili. Usikubali: betri hizo zitachaji bila usawa na moja itakufa mapema.

Kosa la kwanza: picha ya nyuma ilikuwa haijageuzwa kama ya kioo. Mtu aliyesimama kulia alionekana kushoto. Kosa hilo ni baya kuliko kukosa kamera, maana opereta anamkimbia mtu kwa kumfuata. Jaribio ni dakika moja: mtu asimame nyuma kulia ainue kitambaa chekundu, nacho kionekane kulia kwenye skrini. Kugeuza ni kwenye menyu, au kwa kukata kitanzi cha waya mdogo kilichoachwa na kiwanda. Soma karatasi iliyokuja na kamera kabla ya kukata.

Kosa la pili: mistari ilitambaa kwenye picha injini ikipanda mizunguko. Hasi ilikuwa imefungwa kwenye bodi yenye rangi, na waya wa picha umelala sambamba na waya mnene wa altaneta. Hasi imevutwa moja kwa moja hadi betri, waya wa picha ukahamia upande wa pili. Mistari imekwisha.

Kosa la tatu ni la skrini. Ilifungwa juu kwenye nguzo ya kulia, ikaziba saiti mira mpya. Skrini nayo inatupa kivuli! Balbu ziliwashwa tena, ikashushwa sentimita 20.

Viungo vya waya vimefungwa tepu ya raba inayojishika yenyewe, na kila waya umeachiwa mning'inio kabla ya kiungo ili maji yadondokee hapo. Nati zote ni zile zenye plastiki ndani. Za kawaida zililegea siku ya tatu kwa mtikisiko wa mwamba.

Ukungu wa Isyonje

Hapa ndipo kamera iliposhindwa. Usiku wa ukungu picha ya nyuma iligeuka nyeupe tupu kama ugali. Chanzo siyo kamera mbovu. Taa ya LED ilikuwa sentimita 15 kutoka kwenye lenzi, ikiangaza matone ya ukungu yaliyo puani mwa kamera kabla ya kufika kwa mtu. Vile vitaa vidogo vinavyozunguka lenzi vinafanya hivyohivyo. Vitaa vimezibwa kwa tepu nyeusi, na taa mbili za wati 48 zimehamishiwa kwenye pembe za boneti, mita 1 kutoka kwenye kamera, zikielekea chini. Kila moja inakula ampea 2, hivyo rilei ya volti 24 na fyuzi ya ampea 10 zinatosha zote mbili. Picha bado ni hafifu, lakini mtu aliyevaa fulana ya kuakisi anaonekana mita 5 hadi 6. Zaidi ya hapo ukungu unashinda, na kazi ya kuzunguka karibu na watu husimama.

Jasho la ndani ya vioo ni jambo jingine. Swichi ya hewa ilikuwa kwenye kuzungusha ya ndani, kwa hiyo pumzi na buti mbichi zililowesha kioo. Ielekeze kwenye hewa ya nje, washa hita. Kichujio cha kebini kilikuwa kimezibwa na vumbi la Usangu, hewa haipiti; kimebadilishwa pamoja na raba ya mlango.

Hali ya sasa

Kwa fimbo ya mita 1.5, nyuma na kulia hakuna doa ndani ya duara la mita 12 lisilofikiwa na jicho, saiti mira au kamera, isipokuwa kipande cha mbele kulia mkono ukiwa juu. Hapo bado anahitajika utingo mwenye kitambaa, anayesimama mahali ambapo opereta anamwona usoni. Anayetaka kusogea karibu anasubiri baketi iguse ardhi na leva ya usalama ifungwe.

Kinachobaki: kishikio cha saiti mira ya kulia mbele kipate bawaba, kwa kuwa kimekwishagonga ukingo wa mtaro mara mbili. Kiti kipya kikiwasili, balbu zinarudi juu.