Taarifa ya saa tatu imesahau wadi zetu

Kila nikiwasha tivi saa tatu usiku ni rais kasema hivi, upinzani umejibu vile, nani ataungana na nani 2027, alafu mpira. Sasa hapa Nairobi tuko na wadi 85, kila moja na MCA wake, yaani mwakilishi wa wadi kwa bunge la kaunti, na hao ndio wanapitisha bajeti ya kaunti, ile ya takataka, masoko na zahanati, lakini uliza mtu wa Umoja ama Kawangware MCA wake alisimama wapi kwa hiyo bajeti, hajui, na si makosa yake juu hakuna mwandishi amewahi kumwambia. Hii kitu inaniuma sana. Na watu wa habari wakitaka wanaweza! 2022 IEBC, tume ya uchaguzi, iliweka fomu 34A, zile za matokeo ya kura za urais, za vituo zaidi ya 46,000 kwa mtandao, stesheni za tivi zikajumlisha zenyewe, hata kama hesabu hazikufanana na zikakwama kabla ya mshindi kutangazwa Agosti 15. Bidii kama hiyo nataka niione City Hall, makao ya kaunti, tena si msimu wa kura tu. Tumeni hata mwandishi mmoja akae kwa kamati ya bajeti, atuambie nani alifika, nani hakufika, na nani alitetea wadi yake.