Negema wangu binti, kwa sauti tafadhali

Jirani yangu wa ghorofa ya juu alidhani nina kichaa, au nimemficha mtu ndani. Kila jioni saa moja moja hivi, nikiwa nachambua mchele au nimebandika maharage, anasikia mwanamke anasema "negema wangu binti", alafu kimya, alafu negema wangu binti tena kwa sauti nyingine. Siku moja akanikamata kwenye ngazi akauliza huyo binti ni nani mbona hatumwoni. Ikabidi nimweleze.

Ni Utendi wa Mwana Kupona. Nausoma kwa sauti, tena sauti ya kusikika hasa, sio kunong'ona, na nimeshafanya hivi miaka kama sita sasa. Kwa asiyeujua, Mwana Kupona binti Mshamu alikuwa mtu wa Pate, kisiwa cha karibu na Lamu, mjane wa Bwana Mataka aliyekuwa anatawala mji wa Siu mle mle kisiwani, na mwaka 1858 akiwa anaumwa akamtungia binti yake Mwana Hashima wasia wa beti 102. Miaka kama miwili baadaye akafariki.

Shuleni tulifundishwa kuusoma kwa macho. Unapewa beti, unachora vimstari vya penseli kati ya silabi, unahesabu, unaandika fani na maudhui, kengele inalia mnaenda kula ugali. Sasa ule mstari wa kwanza mi nikahesabu, ne-ge-ma-wa-ngu-bin-ti, saba. Utendi unatakiwa uwe na mizani nane, yaani silabi nane kila mstari. Nikarudia, saba. Nikaandika kwa kujiamini kabisa kwamba mtunzi amekosa urari wa mizani kwenye mstari wa kwanza tu, na mwalimu akanipa vema! Simlaumu, na yeye alihesabu kwa macho.

Bibi mzaa mama alikuwa Tanga. Mtoto wa jicho alikuwa keshamharibu macho yote mawili, na mama yake mzazi alikuwa mtu wa Lamu kwa hiyo Kiamu, Kiswahili cha Lamu, kwake kilikuwa lugha ya jikoni, sio ya kitabuni. Likizo moja umeme umekatika tuko barazani na kibatari, akaniambia nimsomee kitu chochote. Nilikuwa na daftari la shule tu. Nikaanza:

Negema wangu binti
mchachefu hasanati
upulike wasiati
asa ukazingatia

Nilisoma kama mtu anayetangaza mnada. Bibi akanyamaza kidogo alafu akasema, "We mjukuu wangu, unasoma au unafukuzwa?" Nikarudia taratibu. Nilipofika binti akanikata. "Sio bin-ti. Bi, n, ti. Hiyo n mbona unaidhulumu, ina haki yake." Akawa anagonga kidole kwenye mkeka, ne, ge, ma, wa, ngu, bi, n, ti. Nane! Mstari wa pili hivyo hivyo, m ya mchachefu inasimama peke yake, ukiimeza umebaki na saba.

Nilipata aibu ya ajabu pale, manake nilikuwa nimemsahihisha marehemu wa zaidi ya miaka mia kwa penseli. Na huwezi kulijua hili kwa kuangalia. Ulimi lazima ugote nyuma ya meno pale kwenye n, uisikie inavuma puani, ndo mstari unatimia. Mwana Kupona aliandika kwa herufi za Kiarabu, kwa hiyo hata hizi herufi tunazozikatakata sisi kwa penseli sio zake. Alichopima nacho ni sikio.

Bibi yeye alikuwa anaghani kabisa, na mahadhi yake. Mi siwezi, sauti yangu ni ya kuita daladala, kwa hiyo nasoma tu kwa mapigo. Inatosha. Mistari mitatu inagongana vina, wa nne unakwenda kutua kwenye a, ubeti baada ya ubeti, na ukifika wa kumi hivi pumzi yako inakuwa imeshajipanga yenyewe, hata moyo unapunguza mbio. Nimejaribu na Al-Inkishafi pia, ule wa Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir kuhusu Pate ilivyobaki magofu, pale anaposema madaka ya nyumba ya kuwekea sahani sasa wamelala makinda ya ndege. Mzuri mpaka unasisimka, ila ule sio wa kusoma huku unakaanga vitunguu.

Sasa kuna kitu sijakisema. Mambo mengine mle ndani sikubaliani nayo. Mama anamwambia binti kwamba kiumbe anahitaji radhi tano, ya Mungu, ya Mtume, baba, mama, na ya tano ya mume, na hiyo ya tano anaikazania beti na beti, namna ya kumhudumia, namna ya kumlaza, mpaka siku ya kiyama inategemea mume atasema nini. Mi nimeachika, jamani. Ukisoma kwa macho unaruka, jicho linajua kukwepa. Ukisoma kwa sauti hakuna pa kukwepea, ukiruka ubeti unasikia kabisa kwamba pana shimo. Kwa hiyo nayasema, kwa mdomo wangu mwenyewe, na kuna siku nayasema kwa hasira mpaka mwiko unagonga sufuria. Niliwahi kumuuliza bibi kama yeye anayaamini. Akacheka. "Mwana Kupona kamwambia mwanawe. Mi mwanangu nilimwambia mengine."

Mengine gani hakusema, na mama nilipomuuliza naye akacheka.

Alafu bibi akapata kiharusi. Upande wa kulia wote ukalala na maneno yakaondoka, alikuwa anatoa sauti tu, na mtu aliyekuwa na ulimi kama ule kukaa vile ilikuwa inauma kumtazama. Sikujua nifanye nini pale kitandani kwa hiyo nikatoa simu nikaanza kumsomea. Ubeti wa kwanza ukapita. Ubeti wa pili nilikuwa sijaufikiria kabla sijaufungua mdomo:

Maradhi yamenishika
hatta yametimu mwaka
sikupata kutamka
neno lema kukwambia

Nilipofika kutamka sauti ikanikatikia, nikaivuta harakaharaka ili nimalize, ku-tam-ka. Bibi alikuwa anagonga kwa mkono wa kushoto kwenye chuma cha kitanda, kidole kimoja, polepole, mi hata sikuwa nimegundua. Mi nikamaliza mstari. Kidole kikagonga mara moja zaidi, alafu kikabaki juu, kinasubiri.

Nikarudi. Si-ku-pa-ta-ku-ta-m-ka. Kidole kikashuka.

Tulisoma hivyo karibu wiki tatu, beti kumi kumi, mpaka mwenyewe akachoka kugonga. Hatukuumaliza. Baada ya arobaini nikaanza kuusoma nyumbani, mwanzoni kwa kujificha bafuni kwa sababu niliona haya, baadaye nikahamia jikoni kwa kuwa kuna mwangwi mzuri na pia chakula hakijipiki.

Yote haya sikumwambia jirani pale kwenye ngazi, nilimwambia tu ni shairi la zamani na negema maana yake ni sogea karibu. Akasema ahaa. Juzi nilikuwa na homa sikusoma siku mbili, siku ya tatu akagonga mlango na kibakuli cha supu, akachungulia ndani akauliza, "Vipi, yule binti keshasogea?"