Nimepandisha protoni mpaka elektronivolti 10^15 kwa laptopu ya ram 8

Nilitaka kuiga kwa kompyuta jinsi wimbi la mshindo la nyota iliyolipuka linavyoipandisha protoni nishati. Nianze na bwana mmoja aliyenishauri niige plazima yote (gesi ya chembe zenye chaji), kila elektroni, kila protoni na uga sumaku wake, eti vinginevyo ni uchezaji tu. Haya, nikashusha programu, nikaiwasha usiku, asubuhi feni inapiga kelele, meza imepata moto na wimbi la mshindo halijasogea hata upana wa kidole kwenye skrini. Elektroni ni nyepesi kuliko protoni mara 1,836, kwa hiyo unahesabu kwa hatua ndogondogo za kuifuata hiyo elektroni, wakati protoni unayoitaka inahitaji miaka na miaka ya kwenda na kurudi. Hata wenye supakompyuta huwa wanaiongezea elektroni uzito wa uongo ili wamalize, hilo bwana hakuniambia!

Nikaifuta. Nilichotaka kujua ni chembe inapandaje nishati tu, na hesabu hiyo mwanafizikia Fermi aliianza 1949, wengine wakaja kuiweka sawa kwenye mawimbi ya mshindo 1977 na 1978. Chukua nyota iliyolipuka, wimbi lake linakwenda kilomita 3,000 kwa sekunde, yaani asilimia moja ya kasi ya mwanga. Protoni ikilivuka kwenda na kurudi inaongezewa kama asilimia moja ya nishati, na kila mzunguko ina nafasi kama asilimia moja ya kusombwa nyuma isirudi tena. Basi, ni riba juu ya riba huku unarusha dadu. Nikaiandika kwa lugha ya programu ya Python, mistari kama ishirini.

Sasa kazi ikaja huku. Kupanda mara kumi ni mizunguko 230 na ushee, na ukifika hapo katika kila kumi tisa zimeshapotea. Nilianzia 10^10 elektronivolti (kipimo cha nishati ya chembe), kwa hiyo 10^15 inafika moja kwenye laki, grafu ya idadi ya chembe kwa nishati upande wa kulia ni vidoti viwili vitatu vinarukaruka. Kila unayemuuliza anakwambia ongeza chembe, ongeza chembe, ram ataninunulia yeye? Nikaja na ujanja: chembe ikipanda mara kumi naigawa kumi, kila kipande nakihesabu kama sehemu moja ya kumi. Zinazopotea na zinazozaliwa zinalingana, na uzito wa jumla haubadiliki, kwa hiyo hakuna wizi. Mstari ukanyooka bana, kama umepigwa rula! Nikamwita mke wangu aje aone, akauliza "ndo hiki kistari?"

Na 10^15 nimekata makusudi. Mwanafizikia Hillas 1984 alishasema, chembe ikizunguka duara kubwa kuliko eneo lenye uga sumaku inachomoka. Ile chembe kutoka angani iliyonaswa Utah, Marekani, 1991 ilikuwa na elektronivolti 3.2 × 10^20, protoni ya hivyo duara lake linaizidi galaksi yetu, kwa hiyo dadu zikikufikisha huko kwa nyota moja iliyolipuka usitangaze, hukuweka kikomo.

Gharama? Luku na bando, elfu thelathini na kitu, na nusu ya luku ililiwa na ule usiku wa ushauri wa bure.