Pikapu za sauti ya mawimbi, hapa Mbeya

Gitaa langu la umeme la mtindo wa Stratocaster lilikuja na pikapu (vinasa sauti vya nyuzi: sumaku iliyozungushiwa koili ya waya) za koili mbilimbili, zenye sauti nene, tamu kwa roki nzito. Kwa sefu, yaani surf, muziki wa gitaa wa mawimbi ya bahari uliochipuka kusini mwa California mwanzoni mwa miaka ya 1960, hazinifai. Sefu inataka sauti kali inayodunda kama mvua ya mawe kwenye bati la Uyole, kisha mwangwi wa kifaa cha springi uibebe.

Nimeamua: koili moja, sumaku ya alniko 5 (aina ya aloi), ukinzani wa kama kilo-omu 6. Wauzaji hukusifia namba kubwa ya ukinzani, eti ndiyo ina moto. Usikubali! Ukinzani mkubwa huja na mizunguko mingi ya waya; ikizidi, sauti za kati hujaa na za juu hufifia, na kwenye sefu hizo za juu ndizo uhai wenyewe. Dick Dale, mpiga gitaa maarufu wa sefu, alipiga Stratocaster yenye koili mojamoja. Nguvu ilitoka mkononi mwake, kwenye nyuzi nene na amplifaya kubwa.

Pikapu za Jazzmaster, gitaa jingine la umeme, nazipenda mno, koili yake pana na bapa, ila haziingii kwenye gitaa langu bila kuchonga mbao. Sichongi.

Koili moja huvuma, na umeme wa mtaani kwetu Mwanjelwa hauna huruma. Kwa hiyo pikapu ya katikati nachukua iliyozungushwa waya kinyume na kugeuzwa sumaku: ukiiwasha pamoja na jirani yake, mvumo unakatika. Kazi ya kulehemu nampa fundi redio wa pale sokoni, mkono wake ni mwepesi.