Mshono wa Uzazi Haukandwi

Mama aliyejifungua kwa upasuaji akifika nyumbani, iwe Nkuhungu au kijijini Mpwapwa, maji ya moto huwa yako tayari. Bibi anataka kumkanda, na nia yake ni upendo mtupu. Tunamwomba asiuguse mshono. Ngozi ya pale huwa na ganzi kwa wiki nyingi kwa kuwa mishipa midogo ya fahamu ilikatwa. Mama anaweza kuungua asisikie. Kitambaa kinachochovywa tena na tena kwenye beseni moja nacho huingiza vijidudu kidondani. Akande mgongo na mabega.

Kinga huanza kabla ya kisu. Antibayotiki ya mshipa, mara nyingi sefazolini gramu 2, hutolewa ndani ya dakika 60 kabla ngozi haijakatwa, ili ikute vijidudu mlangoni. Upasuaji ukizidi saa 4, au damu ikipotea zaidi ya lita 1.5, dozi hurudiwa. Klorheksidini yenye spiriti, dawa ya kusafishia ngozi, iachwe ikauke yenyewe, dakika 3 hivi. Uke husafishwa kwa iodini, hasa chupa ya uzazi ikiwa imeshapasuka. Na jamani, msimnyoe mama kwa wembe kabla ya kumleta: wembe huacha michubuko isiyoonekana, na vijidudu hukaa humo. Nywele zikizuia kazi, wodini zitapunguzwa kwa mashine.

Bandeji hukaa saa 24 hadi 48. Ikishatolewa, mama aoge: maji safi yamiminwe kwa jagi, sabuni ya kawaida, kisha akaushe kwa kugusagusa kwa kitambaa kilichofuliwa. Bomba likikauka, au maji ya kisima yakitia shaka, lita moja iliyochemshwa ikapoa inautosha mshono. Tumbo likiulalia, alinyanyue na kukausha chini yake. Jasho la pale ndilo hulainisha ngozi mpaka ifumuke. Kanga ya kukaza tumbo huleta shida hiyohiyo. Unga wa kapsuli, majivu na mafuta visipakwe. Ndoo ya lita 20 ibebwe na mwingine.

Wekundu unaotambaa, maumivu yanayozidi badala ya kupungua, usaha, uchafu wa uzazi wenye harufu kali, au homa ya nyuzi 38: arudi hospitali siku hiyohiyo, asingoje hudhurio la siku ya 7. Asianze vidonge vya duka la dawa, maana usaha uliojifungia ndani lazima utolewe kwa kufungua kidonda.