Kitaa chekundu cha mjomba

Mwaka 2011 mjomba wangu alikuwa akipiga udi kwenye harusi za Ng'ambo, Unguja, na kila harusi udi wake ulimezwa na fidla na kinanda cha umeme. Nikambandikia tumboni mwa udi kisahani cha piezo, kinachogeuza mtikisiko kuwa umeme, nilichong'oa kwenye saa ya mezani iliyokufa, nikamtengenezea kikuza sauti cha opampu, yaani sakiti ndogo ya kukuza mawimbi ya umeme, ndani ya kopo la pipi; chipu yake TL072. Kitaa chekundu nacho nikakiweka, maana chombo kisichowaka nani atakiamini?

Betri ya volti 9 haikumaliza harusi mbili. Usiku wa pili sauti ilianza kukwaruza, ikakata, bi harusi ndiyo kwanza anatolewa. "Mjomba, mashine yako inakula kuliko wapigaji," aliniambia asubuhi.

Nikailaumu aisii, yaani ile chipu. TL072 hula kama miliampea 1.4 kwa kila opampu, na ndani mna mbili. Ndugu yake TL062 hula 0.2 tu. Nikabadilisha, nikajiona fundi. Nikapitisha mita kwenye waya wa betri: kutoka miliampea 22 imeshuka hadi 20. Basi!

Ndipo nikachukua karatasi. Kitaa peke yake, volti 7 zinazobaki baada ya chenyewe kuchukua 2, kwa rizista (kizuia umeme) ya omu 470, karibu miliampea 15. Rizista mbili za kiloomu 1 zinazoigawa betri katikati ili opampu ipate nusu ya volti, miliampea 4.5 nyingine, usiku kucha. Opampu niliyoisingizia ilikuwa inadokoa makombo.

Rizista nikaweka za kiloomu 100. Mngurumo ukaingia, hadi nilipoongeza kapasita, kijitangi cha umeme, ya mikrofaradi 47 pale katikati. Soketi nikaweka ya stereo, waya ukichomolewa betri inakatika. Kitaa nilikikata kwa koleo, roho inaniuma. Mita ikasoma miliampea 0.4 na kitu.

Jioni mjomba akachomeka waya, akadonoa uzi. Kimya. Akaligeuza kopo, taa hakuna.

"Umeiua."

"Hesabu mpaka tano, mjomba. Kapasita inajaa."

Akahesabu kwa sauti huku anadonoa, ananitazama kama tapeli. Alipofika tatu spika ikalipuka kwa sauti, kuku wakatawanyika uani.

Betri ile ilipita msimu mzima wa harusi. Kitaa chake anakidai mpaka leo.