Kaa Muuza Kahawa

Asubuhi ile tulikaa wanne barazani Mkunazini, Unguja, kutafuta hadithi ya katuni ya watoto ya dakika tatu. Kabla ya mtu kutaja wazo lolote, tulibandika hesabu ukutani: sekunde 180, michoro 12 kila sekunde, yaani michoro 2,160 kwa mhusika mmoja tu. Hesabu hiyo ikikaa machoni tangu mwanzo, huwaokoa watu na mawazo wasiyoweza kuyabeba.

Kisha dakika kumi na tano za kimya, kila mtu na vikaratasi kumi, wazo moja kwa kila karatasi. Kimya kina sababu. Wiki iliyotangulia tulianza kwa kusema kwa sauti, mmoja akalicheka wazo la mwenzake, na tangu hapo kila aliyefungua kinywa alileta sungura na fisi.

Tukapata arubaini. Zilizobeba maajabu mawili ziliondoka kwanza: mwezi uliotumbukia kisimani ni ajabu tosha, ukimwongezea na ndoo inayosema, mtoto hajui atazame wapi. Pweza fundi cherehani tulimpenda mno, lakini ana mikono minane, na kila mkono unataka mwendo wake na vinyonyio vyake. Kwa roho nzito tukamweka pembeni.

Akabaki kaa muuza kahawa. Dele kwenye gando moja, vikombe kwenye jingine, akivigonganisha kama wauzaji wa Mji Mkongwe wafanyavyo. Anataka kumfikishia babu kobe kahawa yake kabla maji hayajajaa, lakini kila akiondoka, miguu inampeleka baraza la jirani. Haja moja, kizuizi kimoja, na saa iko baharini kwenyewe: kutoka kupwa hadi kujaa ni kama saa sita, na mtoto wa pwani anauona muda ukipita kwa maji yanavyopanda ngazi. Hapahitaji neno hata moja.

Mwisho ndio uliotusumbua. Tulimleta kunguru ambebe kaa, tukamtoa, maana mhusika akiokolewa na mgeni, haja yake inakufa mikononi mwa mwingine. Tukajaribu wimbi. Kasoro ile ile.

Alasiri tukawaita watoto sita wa mtaani, tukawaonyesha picha kumi na mbili za penseli, moja moja, bila kueleza kitu. Ya saba, kaa amefika tena kwa jirani na kahawa inafuka moshi, binti wa miaka sita hivi akainuka, akaweka kidole juu ya karatasi.

"Ami, kwani asigeuke ubavu?"

Akasimama akatuonyesha: bega likamwelekea mlango wa babu kobe, uso ukaangalia ukuta, akaenda upande upande, moja kwa moja mpaka mlangoni.

Tukachana picha tano za mwisho, tukaanza kuchora.